Sura ya Sita: Atasema, Lakini Atasema Nini?

Isongole iko juu, kwenye barabara inayotoka Uyole kwenda Tukuyu, mahali ambapo ukungu hushuka hata mchana na koti ni nguo ya kila siku. Utajiri wa watu wa huku ni viazi na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mmoja akiibiwa usiku, familia imepoteza ada ya shule, fedha ya matibabu na mbolea ya msimu unaofuata. Ndiyo maana mshukiwa wa kwanza akikamatwa, hapa na karibu kila mahali nchini, neno la kwanza kusikika ni lilelile: mbaneni, atasema.

Anayetamka neno hilo mara nyingi si katili. Ni mzazi mwenye uchungu wa haki, na neno lake lina ukweli ndani yake. Binadamu akiumizwa vya kutosha husema. Ninachouliza katika sura hii ni kuhusu kile anachokisema: je, ni habari ambayo mgambo, mpelelezi au taifa zima linaweza kuitegemea? Jibu langu ni hapana, na nalitoa mapema ili msomaji alipime dhidi ya kila mfano utakaofuata. Ubaya wa mateso kwa utu wa mtu sitaujadili sana, kwa kuwa sidhani kama unahitaji mjadala. Wanaoyatetea husema ni mabaya lakini yanafanya kazi. Hapo kwenye kufanya kazi ndipo ninapotaka tusimame.

Rungwe, wilaya ilimo Isongole, ina historia yake ya kuutafuta ukweli ndani ya mwili wa mtu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari za mwafi, kinywaji walichonyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi. Aliyetapika alionekana hana hatia. Tumbo likikataa kutoa, hukumu imepita. Watu wa zama hizo hawakuwa wajinga. Walikuwa na vifo visivyoelezeka, majirani waliotazamana kwa hofu, na haja kubwa ya kufikia mwisho wa shauri. Mwafi ulileta mwisho huo. Lakini ulichopima ni tumbo, na tumbo halina kumbukumbu ya nani alifanya nini usiku gani. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku.

Hata hivyo mwafi ulikuwa na jambo moja ambalo mateso hayana. Mwenye dawa angeweza kuchezea kipimo, lakini tumbo lenyewe halikujua ni nani anayechukiwa kijijini. Anayepigwa anajua. Analisoma swali, analisoma jicho la anayeuliza, na anatafuta ndani ya swali lilelile jibu litakalosimamisha fimbo. Wajerumani walipolijenga boma lao Tukuyu, wakiliita Neu-Langenburg, waliendesha utawala wao kwa kiboko, na katika koloni lao lote hesabu ya viboko ishirini na vitano iliacha jina katika kumbukumbu za wazee: hamsa ishirini. Hao walitaka utii, na kiboko hutoa utii. Kosa lilikuja baadaye, tulipodhani kwamba chombo kinachotoa utii kinaweza pia kutoa habari.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kosa hilo Tanzania hautoki Rungwe, unatoka Usukumani. Katika miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa katika janga la mauaji ya wazee, hasa wanawake vikongwe, waliotuhumiwa uchawi na kukatwa mapanga nyumbani mwao usiku. Takwimu za serikali alizozitumia mwanazuoni Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, na sehemu kubwa yao ni katika mikoa hiyo miwili. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kushtuka. Wananchi wake wazee na wanyonge kuliko wote walikuwa wakichinjwa, na hakuna aliyeona kitu, hakuna aliyesikia kitu.

Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama waliingia katika mikoa hiyo na operesheni. Mamia ya watu walikamatwa, wakiwamo waganga wa kienyeji na watu waliotajwa kuwa wauaji au washirika wao. Walihojiwa kwa kupigwa na kudhalilishwa. Baadhi yao walikufa mikononi mwa waliowahoji. Habari zilipofika juu, Rais Nyerere hakuzifunika. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, naye alijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa.

Tumezoea kulisimulia tukio hili kama somo la uwajibikaji. Mwinyi hakumpiga mtu, hakuwepo chumbani, na bado aliondoka. Miaka minane baadaye, Novemba 1985, akawa Rais. Ni simulizi ya heshima na nampa Mzee Mwinyi heshima yake yote. Lakini kila ninaposoma habari hizi naona tumefunga kitabu mapema mno. Mjadala wote umekwenda kwa waliojiuzulu, na swali la kijasusi limeachwa njiani: je, operesheni ile iliwapata wauaji? Je, vikongwe walipona?

Hawakupona. Mauaji yaliendelea katika miaka ya 1980, yakaendelea katika miaka ya 1990, na yalikuwa bado habari ya magazeti na ripoti za haki za binadamu karne hii. Nguvu yote ile, vyumba vyote vile, vifo vile vya mahabusu, havikuukata mzizi.

Sababu inaonekana ukitazama siri yenyewe ilikokaa. Kikongwe wa Usukumani mara nyingi hakuuawa na mgeni aliyepita njia. Mkono ulioshika panga uliweza kukodiwa, lakini aliyekodi alikuwa ndugu, jirani au mtoto: mtu aliyeambiwa na mganga kwamba bibi ndiye aliyemuua mwanawe, au mtu aliyetaka shamba. Habari ilikuwa jikoni, ndani ya ukoo. Ilijulikana na mkwe aliyesikia mazungumzo, na mjukuu aliyeona nani amekuja jioni. Watu hao wangeweza kusema, kama wangemwamini askari kuliko walivyomwogopa ndugu yao. Askari aliyekuja kijijini na kuondoka na waume za watu, kisha mmoja wao akarudi maiti, alikuwa ameifunga milango hiyo yote kwa siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma vilianzisha Sungusungu, ulinzi wao wenyewe, kwanza dhidi ya wezi wa ng'ombe. Sababu za kuzaliwa kwake ni nyingi, lakini sioni namna ya kuitenganisha na hali ya wananchi waliokwisha kukata tamaa kwamba polisi watawasaidia. Na ni huzuni kwamba Sungusungu nayo, katika sehemu nyingi, iliwahoji washukiwa kwa fimbo.

Tuingie sasa ndani ya chumba chenyewe, maana huko ndiko hoja ilipo. Anayehoji hajui jibu, angelijua asingehoji. Mbele yake anaweza kuwa na mtu anayejua na atasema kweli, mtu anayejua na atapotosha, au mtu asiyejua lolote. Fimbo ikianza kazi, wote watatu wanalia kwa sauti moja. Anayejua anaweza kutoa ukweli nusu na maumivu yakakoma. Anayepotosha, hasa kama amejiandaa, anatoa jina la mtu aliyekwisha kuvuka mpaka. Asiyejua ndiye mwenye msiba mkubwa kuliko wote, kwa kuwa hana cha kutoa, na kila anapokana, kukana kwake kunasomwa kama ukaidi. Atapigwa muda mrefu kuliko mwizi. Mwishowe atatunga. Atamtaja jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, atamtaja shemeji, atamtaja yeyote ambaye swali limekwisha kumdokeza. Anayehoji ataacha kupiga pale atakaposikia kile alichokuwa anakiamini kabla ya kuingia, na atatoka akisema mbinu yake imefanikiwa.

Kisha majina yale yanakamatwa nayo, na kila jina linazaa majina. Wakati huo ng'ombe wa Isongole tunayemtafuta ameshapakiwa. Hawezi kuipita barabara ya Tukuyu bila gari, na gari lina dereva. Mifugo husafiri kwa kibali, na kibali kina sahihi. Nyama huuzwa buchani, na bucha ina wateja. Siku mbili zilizotumika kumbana kijana aliyeonekana tu akipita ni siku mbili ambazo hakuna aliyekwenda kuuliza kwenye mizani, machinjioni au mnadani. Gharama hii haiandikwi popote, na nadhani ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuna pia suala la akili ya mwanadamu. Shane O'Mara, profesa wa sayansi ya ubongo katika Trinity College, Dublin, alichapisha mwaka 2015 kitabu kizima kuhusu jambo hili. Hoja yake kuu ni nyepesi kuelewa: maumivu makali, hofu ya kufa na kukosa usingizi hudhoofisha sehemu zilezile za ubongo zinazohifadhi na kupanga kumbukumbu. Hata mtu aliyekusudia kusema kweli anachanganya siku, nyuso na mahali. Warumi, ambao walitesa watumwa kisheria, walikwisha kuliona hili bila maabara. Mwanasheria wao Ulpian aliandika kwamba mateso ni kitu dhaifu na cha hatari, kwa kuwa wenye mwili mgumu hawasemi na wenye mwili laini husema lolote.

Mtanzania mwenzetu alilipa gharama ya kusahauliwa kwa onyo hilo. Suleiman Abdallah Salim alikuwa akitafuta riziki Somalia alipokamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Alipitishwa Kenya na Djibouti hadi Afghanistan, kwenye gereza la siri la CIA ambalo ripoti rasmi zinaliita COBALT. Huko aliwekwa gizani, akafungwa minyororo, akamwagiwa maji ya baridi, akabamizwa ukutani, akafungiwa ndani ya sanduku, muziki ukipigwa kwa sauti ya kutisha usiku na mchana. Katika gereza hilohilo, Novemba 2002, Gul Rahman wa Afghanistan alikufa kwa baridi akiwa amefungwa mnyororo. Suleiman alishikiliwa miaka mitano bila shtaka lolote. Mwaka 2008 waliomshika walimwachia na kumpa karatasi inayosema kwamba hana tishio lolote kwa majeshi ya Marekani. Yeye, Mlibya mmoja na familia ya Gul Rahman waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile, James Mitchell na Bruce Jessen, na Agosti 2017 shauri lilimalizika kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa. Kampuni ya wanasaikolojia hao ilikuwa imelipwa zaidi ya dola milioni 80.

Yote hayo yalijulikana kwa upana zaidi baada ya tarehe 9 Desemba 2014, Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilipotoa muhtasari wa ripoti yake. Kamati ilihesabu watu 119 waliopita kwenye magereza yale ya siri, ikasema angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Ilipitia mifano ambayo CIA iliitoa kama ushahidi wa mafanikio, na ikahitimisha kwamba mateso hayakuwa njia yenye tija ya kupata habari: kilichodaiwa kupatikana kwa maji na minyororo ama kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa njia nyingine, ama hakikuwa kweli. CIA ilipinga sehemu ya matokeo hayo. Lakini kuna mfano mmoja usiopingika. Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyekamatwa mwishoni mwa 2001 na kupelekwa Misri, aliteswa hadi akasema kwamba Iraki iliwafundisha watu wa al-Qaida kutumia silaha za sumu. Maneno hayo yaliingia katika hotuba ya Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Februari 2003, wiki chache kabla ya vita vya Iraki. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana. Alisema alichoona kinatakiwa.

Sasa nitoe nafasi kwa hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili, kwani ipo, na mfano wake umetoka nyumbani. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi; Dar es Salaam walikufa watu 11, Nairobi 213. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 na kuwekwa mikononi mwa CIA. Katika mahojiano ya kulazimishwa alimtaja mtu aliyemuuzia baruti. Mtu huyo alikuwepo kweli, akapatikana Tanzania, akawa tayari kutoa ushahidi. Siwezi kudai, basi, kwamba mateso hayatoi kamwe neno la kweli. Yanatoa. Kati ya maneno mengi ya mtu anayeumia, moja linaweza kuwa kweli.

Lakini tazama lilikoishia. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan wa New York alimzuia shahidi yule asiingie mahakamani, kwa kuwa serikali ilimjua kupitia maneno ya kulazimishwa. Baraza la mahakama likamwachia Ghailani kwenye mashtaka 284 kati ya 285. Alifungwa maisha kwa lile moja lililobaki. Familia za waliokufa pale Dar es Salaam zilikuwa zimengoja miaka kumi na miwili kusikia mahakama ikitamka nani aliyewaua ndugu zao. Zikasikia kwamba kwa kila kifo kimoja, mshtakiwa hakupatikana na hatia.

Uweke pembeni yake mfano wa mwaka 1998 wenyewe. Siku chache baada ya mlipuko, Mohamed al-Owhali alikamatwa Nairobi. Alikuwa ndani ya gari la bomu, akakimbia dakika ya mwisho, akatibiwa majeraha hospitalini kama mhanga. Makachero wa FBI na wenzao wa Kenya walimhoji kwa siku kadhaa. Walimwachia aeleze hadithi yake tangu mwanzo, kisha wakaijaribu kipande kwa kipande: ilikuwaje mwili uwe na majeraha na nguo ziwe safi namna ile? Hadithi ilipasuka. Alisimulia njama yote, na akatoa namba ya simu ya nyumba moja Yemen aliyokuwa akipiga. Namba ile ilikuwa kituo cha mawasiliano cha al-Qaida, moja ya habari zenye thamani kubwa kuliko zote katika upelelezi ule. Baadaye mawakili wake walilalamika kuhusu mazingira ya kushikiliwa kwake; mahakama ya New York ilisikiliza malalamiko hayo, ikayakubali maelezo yake, naye akafungwa maisha mwaka 2001.

Kenya inatupa mfano wa zamani zaidi. Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu na kukisema Kikikuyu kama mwenyeji, alikaa naye kwa saa nyingi wakizungumza. Akapata picha ya majeshi ya msituni ambayo Waingereza hawakuwa nayo. Wakati huohuo, kwenye kambi za uchujaji, maelfu ya Wakenya walikuwa wakipigwa ili waungame viapo. Kambi zile zilizaa maungamo kwa malundo. Zilizaa pia vifo 11 vya Hola, Machi 1959, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9. Nyayo House ya Nairobi katika miaka ya 1980, ambako watu walikalishwa ndani ya maji hadi wakubali kuwa wanachama wa kundi la siri la Mwakenya, ilirithi kambi zile kwa kila namna.

Sheria yetu inajua mengi ya haya. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa mtu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa, na Mahakama ya Rufani imetupa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Mshtakiwa akidai alipigwa, jaji husimamisha kesi na kuendesha kesi ndani ya kesi ili kujua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Yote haya ni mema, ila yanakuja baada ya tukio, miezi au miaka baadaye, ambapo makovu yamepona na neno la askari linapimwa na neno la mtuhumiwa.

Waingereza walijifunza kwa aibu. Watu wanne wa Guildford waliachiwa mwaka 1989 na sita wa Birmingham mwaka 1991, baada ya kufungwa miaka 15 na zaidi kwa mabomu ambayo hawakuyatega. Wengi wao walikuwa wamesaini maungamo. Waliotega hasa hawakuwahi kuhukumiwa kwa mabomu yale. Mwaka 1992 polisi wa Uingereza na Wales walianza kufundishwa upya namna ya kuhoji: ofisa anaingia akiwa amekusanya vielelezo, anamwachia mtu aeleze bila kumkatiza, anapima maelezo dhidi ya vielelezo, na kila kitu kinarekodiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Juan Méndez, aliyewahi kuteswa Argentina na baadaye akawa mwandishi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, waliandika kanuni za mahojiano zinazofuata mkondo huohuo.

Ninachokitaka kwa vituo vyetu kinaweza kuanza na vitu viwili. Cha kwanza ni kamera katika kila chumba cha mahojiano, ikiwashwa tangu mtuhumiwa anapoingia hadi anapotoka, na maelezo yasiyo na picha yake yasipokelewe na mahakama yoyote. Cha pili ni swali ambalo kila mkuu wa upelelezi amuulize askari anayemletea ungamo, kabla hajalisoma: umepata nini nje ya mdomo wa mtu huyu? Kama jibu ni kwamba hakuna, ungamo lirudishwe na askari arudi barabarani.